Ndege Anayejua Nyuki Walipo

Katika gemu ya Ghost of Tsushima, iliyotoka Julai 2020, mchezaji huzunguka kisiwa kimoja cha Japani ya karne ya 13 akiwa juu ya farasi. Mara kwa mara ndege mdogo wa manjano hujitokeza kando ya njia, akalia, akatangulia mbele kidogo, akangoja. Anayemfuata hufikishwa penye chemchemi ya maji moto, au hekalu lililojificha, au kwa mtu mwenye shida inayohitaji msaada. Anayempuuza hupitwa na hayo yote bila kujua. Katika gemu hiyohiyo wamo mbweha wanaofanya kazi kama hiyo: huongoza hadi kwenye kihekalu kidogo msituni, na mchezaji akifika huruhusiwa kumpapasa mbweha kabla hawajaagana.

Katika vibanda vya plesteisheni vya Kericho, Litein na Bomet, mfalme ni mpira. Mechi ni fupi, wanaosubiri pedi ni wengi, na hela inalipwa kwa muda. Lakini anayepata nafasi ya kucheza gemu ndefu za safari hukutana na ndege wa aina hii, na ni rahisi kumdhania kuwa ubunifu mtupu wa watu wa kompyuta. Kumbe huko nje, mahali mashamba ya chai yanapokoma na Msitu wa Mau unapoanza, ni makazi ya aina ya ndege anayefanya kazi hiyohiyo karibu hatua kwa hatua, tena kwa maelfu ya miaka kabla ya skrini ya kwanza kuwashwa.

Huyo ni mlembe, ambaye wengine humwita ndege wa asali. Wanasayansi wamempa jina la Indicator indicator. Ana uzito wa gramu 50 hivi, rangi yake ni ya kahawia na kijivu, na akikaa kimya juu ya tawi hana cha kumvutia mpita njia. Hupatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara, hasa penye miti iliyoachana na kwenye kingo za misitu. Chakula anachokipenda ni nta, pamoja na mayai na majana ya nyuki. Wanyama wenye uti wa mgongo wanaoweza kuyeyusha nta tumboni ni wachache mno, na mlembe ni mmoja wao.

Shida yake ni mlango. Nyuki wa Afrika hujenga ndani ya mashimo ya miti na nyufa za miamba, wakalinda kwa miba. Mlembe anajua kiota kilipo, ila hana shoka wala moto. Binadamu ana shoka na moto, ila hajui kiota kilipo. Mkataba wao ulianzia hapo.

Watengenezaji wa gemu wameugundua mkataba wa namna hiyo kwa njia yao wenyewe. Kuna wanyama wa kubeba, kama punda wa Minecraft, ambaye akifungwa sanduku hupata nafasi 15 za mizigo. Wapo wa kulinda: katika gemu hiyo, paka akiwa karibu, wale viumbe wa kijani wanaolipuka hukimbia. Wapo wa kupandwa. Na wapo wa kutafuta, ambao ndio wanaopendwa kwa namna ya pekee. Bundi wa Far Cry Primal, ya mwaka 2016, hutumwa angani akapeleleze kambi ya adui na kuwatia alama waliojificha. Mbwa wa Fable II, ya mwaka 2008, hubweka na kumwongoza bwana wake hadi palipofukiwa hazina, na hunguruma maadui wakiwa bado hawajaonekana. Gemu hiyo haikuwa na ile ramani ndogo ya pembeni mwa skrini. Sehemu ya kazi yake alipewa mbwa.

Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ramani humpa mchezaji habari, basi. Mbwa humpa habari pamoja na mwenzake wa kuipokea naye. Mchezaji hujifunza kumsoma: masikio yamesimama, mkia umeshuka, amekimbilia kulia. Bethesda, walipokuwa wakiunda mbwa Dogmeat wa Fallout 4, iliyotoka Novemba 2015, walimtumia mbwa wa kweli aitwaye River, jike la aina ya German Shepherd aliyekuwa wa mmoja wa watengenezaji, ili mwendo na tabia za mbwa wa gemu zitoke kwa mbwa hai. River alipokufa mwaka 2021, wachezaji wa nchi nyingi waliomboleza.

Mlembe naye husomwa, na kazi ya kuthibitisha jinsi anavyosomwa ilifanyika Kenya. Mwaka 1989 Hussein Isack, mtafiti Mkenya wa Makavazi ya Kitaifa, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer wa Chuo Kikuu cha Zurich, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao kwa Waborana wa kaskazini mwa nchi. Warina asali walikuwa wamewaambia kwamba ndege huwajulisha mambo matatu: upande wa kwenda, umbali uliobaki, na kwamba wamefika. Watafiti wakapima. Walikuta kwamba ndege huelekea kweli upande wa kiota. Anapoondoka mara ya kwanza, kadiri kiota kilivyo mbali ndivyo anavyochelewa kurudi. Wakikaribia, hutua karibu karibu zaidi, na matawi anayotulia huwa ya chini zaidi. Wakifika, sauti hubadilika na yeye hunyamaza akasubiri.

Upande, umbali, mwisho wa safari. Kwenye skrini mambo hayo huonyeshwa kwa mshale, tarakimu za mita na alama inayong'aa. Gramu 50 za manyoya zinayabeba yote matatu.

Na faida yake ilihesabiwa. Katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata kiota kimoja bila ndege. Wakiwa na ndege, muda ulishuka hadi saa 3.2. Kwa upande wa ndege, karibu viota vyote alivyowaonyesha, asilimia 96, asingeweza kuvila bila binadamu kuvifungua kwa zana au moto. Mnyama wa gemu apunguzaye kazi kwa kiasi hicho angeshtakiwa na wachezaji kwamba anarahisisha mno.

Hapa ndipo mlembe anapowazidi wenzake wa kwenye skrini: anayo haja yake mwenyewe. Farasi wa Red Dead Redemption 2, ya mwaka 2018, ni mfano mzuri wa mnyama wa gemu aliyetengenezwa kwa uangalifu. Hulishwa, husuguliwa kwa brashi, hutulizwa akiogopa, na mapenzi yake na mchezaji yanapanda kwa ngazi nne. Ngazi ikipanda, huitika mluzi akiwa mbali zaidi. Lakini yote hayo yanamzunguka mchezaji. Mchezaji akizima mashine, farasi hana njaa.

Mtengenezaji mmoja aliyelielewa hili mapema ni Fumito Ueda wa Japani. Katika Shadow of the Colossus, ya mwaka 2005, farasi Agro hatii kila amri papo hapo. Husita, huchagua njia yake. Katika The Last Guardian, iliyotoka Desemba 2016, mnyama mkubwa mwenye manyoya aitwaye Trico huweza kuitwa na kuelekezwa, naye akatazama kwingine kana kwamba hakusikia. Baadhi ya wachezaji walikasirika. Wengine waliona kwamba siku Trico anaporuka kumwokoa mtoto aliyemzoea, kuruka huko kuna uzito kwa sababu angeweza kutoruka. Wa pili ndio waliokuwa na haki.

Haja ya mlembe inaonekana vizuri zaidi kwenye malipo. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, katika hifadhi ya Niassa, humwachia ndege masega mahali pa wazi, wakati mwingine juu ya majani mabichi. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania hufanya kinyume. Mtafiti Brian Wood na wenzake waliandika mwaka 2014 kwamba Wahadza mara nyingi hukusanya masega yaliyobaki na kuyachoma au kuyafukia, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Watafiti hao walikadiria kwamba chakula kinachopatikana kwa msaada wa ndege huyu ni kati ya asilimia 8 na 10 ya mlo wao. Njia mbili, na zote zimemweka mlembe kazini.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba huyu ni ndege mpole. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, keremkerem wakiwemo. Kifaranga chake huanguliwa kipofu, lakini mdomo wake una ndoana kali, na kwa ndoana hiyo huwaua vifaranga wa mwenye nyumba gizani. Hakuna mzazi wa kumfundisha kuongoza watu. Ile hamu ya kuongoza huzaliwa nayo.

Kisa kingine maarufu ni kwamba mlembe humwongoza nyegere. Vitabu vya watoto vimekirudia kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwahoji karibu warina asali 400 wa jamii mbalimbali za Afrika, na wengi wao walisema hawajawahi kuona jambo hilo. Waliosema wameliona walikuwa hasa Tanzania, wakiwemo Wahadza.

Kwenye vilima vya Kericho na Bomet, mlembe ana kazi ngumu zaidi kuliko Niassa. Mashamba makubwa ya chai yalianza hapa miaka ya 1920. Mchai unaochumwa kila baada ya siku chache haupewi nafasi ya kutoa maua mengi, kwa hiyo lile zulia la kijani linalowapendeza wapiga picha halina mengi ya kumpa nyuki. Afueni ya nyuki ni mikalitusi iliyopandwa na makampuni ya chai kwa ajili ya kuni za viwandani, pamoja na msitu wenyewe. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones, ukanda wa chai uliopandwa kando ya misitu ili uwe mpaka kati ya miti na mashamba ya watu. Ukisimama kwenye ukanda huo unaona dunia mbili: mgongoni vikapu na magunia yanaelekea kituo cha kununulia majani, mbele yako vigogo virefu.

Nyuma ya vigogo hivyo ni nchi ya Waogiek. Jamii hii imeishi kwa asali vizazi na vizazi, ikitundika mizinga ya magogo juu ya miti na kuhama na misimu ya maua, kutoka nyanda za chini hadi za juu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza katika Msitu wa Mau. Uamuzi ule ulihusu ardhi, utamaduni na dini. Una maana kwa mlembe pia, kwa kuwa ndege anayeongoza anahitaji mtu wa kuongozwa. Pale ambapo watu wameacha kurina asali ya porini na kununua sukari, watafiti wameona tabia ya kuongoza ikififia.

Katika Minecraft, tangu toleo la Desemba 2019, mchezaji anayetaka asali huwasha moto chini ya mzinga ili moshi uwatulize nyuki, kisha hukinga chupa. Mtoto wa Sotik aliyecheza hivyo ameshajifunza nusu ya kazi ya mrina asali mwenye kienge chake. Nusu iliyobaki, ya kuupata mzinga, bado inamngoja mtengenezaji. Na hapa Kenya wapo wenye uzoefu wa karibu: kampuni ya Internet of Elephants ya Nairobi, iliyoanzishwa na Gautam Shah, ilitoa mwaka 2020 gemu ya simu iitwayo Wildeverse, ambamo mchezaji alifuatilia nyani wakubwa kwa kutumia habari za wanyama wa kweli wanaochunguzwa msituni.

Gemu ya mlembe haitahitaji kubuniwa sana. Kitakachohitaji uangalifu ni sauti ya kumwita. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba mwito wa Wayao, mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno, hupandisha uwezekano wa kupata kiota kutoka asilimia 17 hadi 54. Mwaka 2023 yeye na Wood wakaujaribu mwito huo Tanzania, na mluzi wa Wahadza wakaupeleka Msumbiji. Ndege wa Uhadzani waliitika mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na wale wa Niassa nao waliupendelea mwito wa kwao. Kwa hiyo sauti ya kuazima haitafaa Mau. Atakayeitengeneza gemu hiyo itambidi apande na kinasa sauti hadi kwa warina asali wa Kiogiek, awalipe kwa ujuzi wao, na aweke majina yao kwenye orodha ya waliotengeneza gemu.