Hukumu Haiuzwi

Mwaka 1918 Rais Wilson alimpandisha Martin Manton, mwamuzi wa New York, akakaa katika Baraza la Rufani. Alikuwa Mkatoliki, mtu wa akili na bidii. Mwaka 1922 jina lake lilitajwa kwa kiti cha Baraza Kuu la Marekani, asikipate.

Lakini Bwana Manton alikuwa pia mfanyi biashara, mwenye hoteli na majumba. Taabu ya fedha ilipoiangukia nchi mwaka 1929, madeni yakamlemea. Ndipo akapokea “mikopo” kwa watu wale wale waliokuwa na mashauri mbele yake. Mkopo gani huo, ndugu msomaji?

Mwaka 1939 alijiuzulu, akashtakiwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 2 na faini ya dola 10,000. Katika rufani alijitetea kwamba hukumu zake zilikuwa za haki, hata waamuzi wenziwe walizikubali. Huenda ni kweli! Akajibiwa kwamba hukumu haiuzwi, iwe ya haki, isiwe ya haki. Maana yule aliyeshindwa atajuaje kama ameshindwa kwa sheria ama kwa fedha?

Manton alitoka gerezani mwaka 1941, akafa mwaka 1946.