UZI: “Wewe ulikuwa wapi wakati ule?” si jibu

1/ Mjadala wa ushuru ukianza huku mtandaoni, kuna swali moja halikosi: “Mbona hukusema wakati wa serikali iliyopita?” Leo nataka tulichambue, manake limenyamazisha watu wengi bila kujibu chochote.

2/ Chukua mafuta. Septemba 2018 petroli na dizeli zilianza kutozwa VAT ya asilimia 16. Watu wakalalamika, ikashushwa hadi 8 mwezi uo huo. Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha 16. Watu wakalalamika tena. Jibu? “2018 mlikuwa kimya!”

3/ Swali lilikuwa: je, ushuru huu ni wa haki? Jibu likageuka kuwa habari za anayeuliza. Sawa, pengine kweli alinyamaza. Bei haishuki kwa sababu hiyo. Mafuta ya shilingi 100 kabla ya VAT, kwa asilimia 8 utalipa 108. Kwa 16 utalipa 116. Hesabu haiulizi ulimpigia nani kura.

4/ Na hiyo “mlikuwa” mara nyingi imebeba kabila ndani yake. Huyo mtu hajui ulisema nini 2018. Amesoma jina lako la pili tu, akajimalizia mwenyewe.

5/ Je, ya zamani hayana maana? Yana maana, kwa swali lake. Mtu akija kuomba kura akijiita mtetezi wa wananchi, ni haki kumuuliza alisimama upande gani 2018 na 2023. Hapo tunapima mtu. Tukipima ushuru, tupime ushuru.

6/ Mimi hujibu hivi: “Haya, tuseme nilinyamaza. Sasa niambie, asilimia 16 ni sawa ama si sawa, na kwa nini?” Mwenye hoja ataitoa. Asiye nayo ataanza matusi. Huyo mwachie hapo.

7/ Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru wa kutozwa bila sheria. Ndiyo maana kila mwaka mswada wa fedha hupitia bungeni, na kabla upite wananchi huitwa watoe maoni. Muda wenyewe ni mfupi. Tukiumaliza tukiulizana nani alinyamaza lini, mswada utapita, na nauli tutalipa sote: aliyenyamaza na aliyepiga kelele.