Vidonge vya "Kurudisha Ujana": Fahamu Kabla ya Kununua

Vipo vidonge vinavyotangazwa kuwa hurudisha ujana kwa "kuamsha telomerasi". Kabla ya kutoa fedha zako, tunakushauri ufahamu kazi ya kimeng'enya hicho mwilini.

Kila ncha ya kromosomu ndani ya seli hukingwa na telomia, mfano wa pindo lizuialo nguo kufumuka. Seli inapogawanyika, telomia hufupika. Zikifupika mno, seli huacha kugawanyika. Telomerasi huzirefusha tena. Kwa ugunduzi kuhusu telomia na telomerasi, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Kwa mtu mzima, telomerasi imezimwa katika seli nyingi, isipokuwa chache kama za uzazi na seli shina. Kuzimwa huko si kasoro, bali ni kinga: seli iliyoharibika hufikia kikomo kabla ya kuzaliana bila mpaka. Saratani nyingi, takriban asilimia 85 hadi 90, hukivuka kikomo hicho kwa kuiwasha telomerasi upya. Ndiyo maana watafiti wa saratani hutafuta namna ya kuizuia. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha imetelstat, dawa inayozuia telomerasi, kwa baadhi ya wagonjwa wenye upungufu wa damu utokanao na maradhi ya uboho.

Aidha, kufupika kwa telomia ni sababu mojawapo tu ya uzee. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Marekani ilichukua hatua dhidi ya muuzaji wa bidhaa ya aina hii, aliyedai kuwa inarudisha nyuma uzee na kuzuia saratani bila ushahidi wa kutosha.

Kwa hiyo, tunakushauri:

1. Usinunue bidhaa inayodai kutibu au kuzuia maradhi bila kuhakikisha kwamba imesajiliwa kwa matumizi hayo.
2. Usidhani kuwa neno "asilia" lina maana ya "salama".
3. Mweleze daktari kila kidonge unachotumia, hasa ikiwa una saratani au umewahi kuugua saratani.
4. Usiache wala kuahirisha matibabu ya hospitali kwa ajili ya bidhaa hizi.
5. Hifadhi tangazo, kifungashio na risiti, kisha utupe taarifa.

Fedha iliyopotea huweza kutafutwa tena. Muda wa matibabu uliopotea haurudi.