Istilahi za Malipo Yasiyo Taslimu kwa Mgeni Aishiye China

Mfasiri anayepewa kijitabu cha maelekezo kwa mwanafunzi au mfanyabiashara wa Afrika ya Mashariki aendaye kuishi China hujikuta mbele ya kazi ambayo juu juu ni nyepesi. Maneno mengi yaliyomo tunayo: pesa, malipo, salio, namba ya siri, laini ya simu. Watu wetu wamezoea kutumiana pesa kwa simu tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanzishwa Kenya, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Kwa hiyo msomaji wa kijitabu hicho si mgeni wa mambo haya. Lakini hapo ndipo penye hatari. Neno lililozoeleka nyumbani, likipelekwa mahali ambapo jambo lenyewe hufanywa kwa namna nyingine, humpotosha msomaji kuliko neno asilolijua kabisa, maana asilolijua ataliuliza. Makala haya yakusudia kueleza machache katika maneno hayo, hasa yale ambayo kosa lake hugharimu fedha.

Tuanze na jina la jambo lenyewe. Wapo waandikao "malipo bila pesa", na wengine "malipo yasiyo ya fedha". Tafsiri hizi hazifai. Anayelipa kwa simu analipa pesa kamili, na pesa hiyo hutoka kwake ikaingia kwa mwingine. Kisichokuwapo ni noti na sarafu. Neno "taslimu" tulilipata katika Kiarabu, na asili yake ni kukabidhi, yaani kukitia kitu mkononi mwa mwenyewe. Kwa maana hiyo "malipo yasiyo taslimu" ni istilahi iliyo sawa: malipo yapo, fedha ipo, ila haikabidhiwi mkono kwa mkono. "Malipo ya kielektroniki" nayo yakubalika, ingawa ni pana mno, kwani hata hawala ya benki kwa benki imo ndani yake.

Hapo hapo mfasiri ajihadhari asiandike kwamba China "ni marufuku" kulipa kwa noti. Sivyo. Mwaka 2018 Benki Kuu ya China ilitoa tangazo la kukataza wafanyabiashara wasikatae fedha taslimu, na noti ya yuan 100, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ingali fedha halali. Ukweli ni kwamba mchuuzi wa mboga au dereva wa teksi huenda asiwe na chenji, kwa kuwa wateja wake karibu wote hulipa kwa simu. "Hakuna mazoea" na "ni marufuku" ni maneno mawili yenye uzito tofauti, na ofisa anayepitisha tafsiri hana budi kuutazama uzito huo.

Sasa tuangalie jinsi malipo hayo yanavyofanywa. Mifumo miwili ndiyo iliyoenea: Alipay, iliyoanza mwaka 2004 kwa ajili ya biashara ya mtandaoni, na ile ya WeChat, iliyoongezewa huduma ya malipo mwaka 2013. Kwa miaka mingi mgeni asiye na akaunti katika benki ya China alipata taabu kuitumia. Ilipofika Julai 2023 mifumo yote miwili ilifunguliwa kwa upana zaidi kwa kadi za benki za nje, zikiwamo Visa na Mastercard. Mwaka 2024 kiwango cha juu cha malipo ya mara moja kwa watumiao kadi hizo kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000, na cha mwaka mzima kutoka dola 10,000 hadi dola 50,000.

Tofauti kubwa na mazoea yetu ni kwamba China hakuna wakala. Kwetu wakala ndiye mlango: humpa noti, naye hukuingizia pesa katika simu, ukitaka noti, humrudia. Simu yenyewe yaweza kuwa ya kubonyeza tu, isiyo na intaneti. China mlango ni benki. Pesa huingia kutoka kwenye akaunti au kadi, na simu sharti iwe ya kisasa yenye intaneti. Msomaji asipoelezwa hivyo mapema atatafuta kibanda cha wakala mjini Guangzhou asikione, au atamwamini mtu yeyote atakayejitia kuwa wakala.

Kutokana na tofauti hiyo, kitenzi "kutoa" kimekuwa mtego. Kwetu "kutoa pesa" ni kwenda kwa wakala au kwenye mashine ukapata noti. Katika mifumo ya China kuna kitufe ambacho jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, ni "kutoa taslimu". Lakini anayekibonyeza hapati hata noti moja. Pesa huhama kutoka kwenye pochi ya simu kwenda kwenye akaunti yake ya benki, basi. Katika WeChat, tangu mwaka 2016, uhamisho huo hukatwa ada ya asilimia 0.1 baada ya mtu kumaliza yuan 1,000 za mwanzo zisizo na ada. Napendekeza kitufe hiki kifasiriwe "kuhamishia benki", na "kutoa" kubaki na maana yake tuliyoizoea.

Mtego wa pili ni kitenzi "kufunga". Wachina husema wanaifunga kadi katika pochi, kwa maana ya kuifungamanisha nayo, kama mtu afungavyo mzigo kwenye baiskeli. Mfasiri aliyefuata neno akaandika "funga kadi yako ya benki" atakuwa amemwambia Mswahili ampigie simu mwenye benki aizuie kadi isitumike tena! Sisi hufunga akaunti, hufunga laini, hufunga duka. Na kila mara maana ni kukomesha. Andika "unganisha kadi".

Tumefika kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni msimbo. Ule mchoro wa mraba wenye vidoadoa vyeusi, uitwao QR, ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kuuita "msimbo wa QR" kwatosha. Sioni faida ya kuzifasiri herufi mbili ambazo hata wenyewe hawazifikirii. Taabu si jina la mchoro bali kazi yake, kwa sababu nchini China unafanya kazi mbili zilizo kinyume.

Katika namna ya kwanza mwenye duka amebandika msimbo wake ukutani au mezani. Mnunuzi huuelekezea kamera ya simu, huandika mwenyewe kiasi cha pesa, kisha huthibitisha kwa namba ya siri. Katika namna ya pili mnunuzi ndiye afunguaye msimbo wake katika kioo cha simu, na mwenye duka huusoma kwa kifaa chake. Kiasi huandikwa na muuzaji, na kikiwa kidogo pesa hukatwa bila namba ya siri kuulizwa. Kwa ajili ya usalama msimbo huo hubadilika kila baada ya muda mfupi. Pamoja na hayo, wapo matapeli wamwambiao mgeni, "Nitumie picha ya msimbo wako nikulipe," naye akituma ule wa namna ya pili, katika muda huo huo mfupi huwa amekwisha kutozwa badala ya kulipwa.

Wachina wenyewe wametofautisha: mmoja huitwa fukuanma, yaani msimbo wa kutoa malipo, na wa pili shoukuanma, yaani msimbo wa kupokea. Mtu akiufasiri kila mmoja wao "msimbo wa malipo" atakuwa ameubomoa ukuta uliojengwa kwa makusudi. Malipo ya nani, na kwenda kwa nani? Neno halisemi. Msomaji aliyesoma "onyesha msimbo wako wa malipo" hawezi kujua kama anafungua mkono ili apewe au anafungua mfuko ili achukuliwe.

Kiswahili kina dawa yake, tena haihitaji kukopa. Kauli ya kutendea huonyesha, pamoja na mengine, chombo kitumiwacho kutendea jambo: kisu cha kukatia, sufuria ya kupikia, kikombe cha kunywea. Kwa kufuata kanuni hiyo hiyo tupate "msimbo wa kulipia", ulio wa mnunuzi, na "msimbo wa kupokelea", ulio wa muuzaji. Walimu wa sarufi huenda wakasema kwamba "kulipia" pia ni kutoa pesa kwa ajili ya kitu, kama kulipia bidhaa, na kwamba utata haujaisha. Ni kweli, lakini baada ya maneno "msimbo wa" maana ya chombo ndiyo inayotangulia, kama vile hakuna asikiaye "sufuria ya kupikia" akadhani sufuria inapikiwa chakula. Na onyo sasa laweza kuandikwa kwa sentensi moja isiyo na shaka: Usimtumie mtu picha ya msimbo wako wa kulipia.

Kuhusu kitenzi cha kuusoma msimbo, Wachina hutumia neno lile lile la kufagia kwa ufagio. Kwetu wengine wameleta "kuchanganua". Mimi nakiona kitenzi hiki kuwa kina kazi yake tayari, kwa kuwa wanafunzi wetu wamechanganua sentensi miaka mingi, na simu haichanganui chochote machoni pa mtumiaji. Watu madukani husema "kuskani", na maelekezo huandikwa ili yafuatwe.

Neno "ada" nalo lalindwe. Anayetumia kadi ya nje hukatwa asilimia 3 kwa malipo yanayozidi yuan 200. Yasiyozidi hapo hayakatwi. Hii ni ada ya huduma, inayochukuliwa na mwenye mfumo. Isiitwe kodi, wala isiitwe tozo, hasa kwa msomaji wa Tanzania, ambako tangu mwaka 2021 neno "tozo" lilipata sifa yake kwa yale makato ya Serikali katika miamala ya simu.

Liko pia suala la majina, ambalo wafasiri hulipita upesi ilhali ndilo limfungialo mgeni mlango. Laini ya simu, akaunti ya benki na pochi ya simu husajiliwa kwa jina halisi lililomo katika pasipoti, na majina hayo matatu yasipolingana herufi kwa herufi mfumo hukataa. Fomu huuliza "jina la ukoo" na "jina la kupewa". Mtu wa Pemba au Lamu ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Akiulizwa ukoo aweza kuandika jina la ukoo kweli, ambalo halimo katika pasipoti hata kidogo. Fasiri iliyo salama ni ile isiyouliza habari za nasaba: "Andika majina yako yote kwa mpangilio ule ule ulio katika pasipoti."

Nje ya mambo ya fedha kuna taratibu za kukaa. Kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2013, mgeni asiyelala hotelini sharti ajiandikishe makazi katika kituo cha polisi ndani ya saa 24 tangu afike hapo. Alalaye hotelini huandikishwa na hoteli. Usiandike "kuripoti polisi", maana hilo lafanana na masharti ya mshitakiwa aliye nje kwa dhamana. "Kujiandikisha makazi" latosha. Wala usifupishe saa 24 kuwa "siku inayofuata". Siku ya Mswahili wa pwani huanza jua likichwa, na "usiku wa Jumamosi" kwake ni ule unaotangulia Jumamosi; polisi wa huko huhesabu kuanzia saa sita ya usiku.

Mwisho ni pango. Mwenye nyumba wa China kwa kawaida hudai kodi ya miezi kadhaa pamoja na fedha ya ziada, aghalabu ya mwezi mmoja, ambayo hurudishwa mpangaji akihama bila kuharibu kitu. Fedha hii imeitwa "amana", imeitwa "kilemba", imeitwa "advansi". Kilemba hakirudi, kwa hiyo neno hilo lamnyang'anya mpangaji haki yake kabla hajadai. Advansi ni kodi iliyotangulizwa, nayo italiwa na miezi. Amana hurudi, lakini hurudi nzima, wala mwenye kuiweka hana ruhusa ya kuikata. Fedha inayozungumzwa hapa hushikwa ili iwajibike kwa hasara, na hukatwa kwa kiasi cha hasara hiyo. Basi jina lake ni "dhamana ya pango". Mpangaji adai stakabadhi yake peke yake, mbali na ile ya kodi, na tarakimu ziandikwe pia kwa maneno.