Kiti Kikibaki Wazi: Saa ya Mpiga Kura wa Laini Saba (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza njia ambazo kiti cha mbunge huweza kubaki bila mwenyewe: kifo, kujiuzulu, kuhama chama, kifungo cha miezi sita au zaidi, kukosa vikao vinane vya Bunge bila ruhusa ya Spika, au mahakama kufuta ushindi. Leo tunaishusha sheria hiyo kutoka kwenye vitabu na kuipeleka Laini Saba, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Kibra, Nairobi. Nyingine ni Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course.

Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alifariki Julai 26, 2019 baada ya kuugua saratani. Alikuwa mtoto wa Kibera, akasoma shule ya Starehe, akaenda Marekani kwa masomo ya juu, akarudi kugombea kwa tiketi ya ODM na kuwa mbunge wa kwanza wa Kibra mwaka 2013, eneo hilo lilipokuwa limetoka tu kumegwa kutoka Lang'ata. Alichaguliwa tena mwaka 2017. Alipokufa, muhula wake ulikuwa umebakiza miaka mitatu na siku chache. Miaka mitatu si kidogo: mtoto anaingia kidato cha kwanza na kufika kidato cha nne kabla haijaisha, na mzazi wake anatafuta basari kila mwaka.

Katiba ya 2010, kifungu cha 101, inaweka saa mbili zinazoanza kuhesabu mara kiti kinapobaki wazi. Ya kwanza ni ya Spika: ndani ya siku 21 awe ameiandikia tume ya uchaguzi, IEBC, kuijulisha kwamba kiti kiko wazi. Ya pili ni ya tume: uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kilipobaki wazi. Wakenya wa Kibra walipiga kura Alhamisi, Novemba 7, 2019. Msomaji mwenye kalenda na ahesabu mwenyewe. Kutoka Julai 26 hadi Novemba 7 ni siku 104. Ili tarehe hiyo iingie ndani ya siku 90, hesabu inabidi ianzie Agosti 9 au baadaye, yaani ianzie kwenye karatasi za Spika na isianzie kitandani kwa marehemu. Katiba inasema tangu kiti kilipobaki wazi. Kwangu mimi kiti cha marehemu hubaki wazi siku anapokufa, wala sioni tafsiri nyingine isiyohitaji mtu kukunja ulimi.

Ni siku kumi na nne tu, atasema mtu, na hakuna aliyeumia. Tutazirudia siku hizo baadaye, kwa sababu aliyezoea kuona siku kumi na nne zikipita bila swali hushtuka akiamka na kukuta ni miaka miwili.

Kuna saa ya tatu ambayo wapiga kura wengi hawaijui, nayo imo katika Sheria ya Uchaguzi. Kiti kinapotangazwa kuwa wazi, usajili wa wapiga kura katika eneo hilo husimama hadi uchaguzi mdogo umalizike. Aliyehamia Mashimoni mwezi uliopita, kijana aliyepata kitambulisho baada ya tangazo, mama aliyepanga kuhamisha kura yake kutoka Machakos au Busia, wote hubaki watazamaji. Hekima ya kanuni hiyo iko wazi. Bila hiyo, kila chama kingekodi matatu na kuleta wapiga kura wa muda, na Kibera imewahi kusikia malalamiko ya namna hiyo mara nyingi. Lakini matokeo yake ni kwamba uchaguzi mdogo hupigiwa sajili ya jana katika mtaa ambao watu wake huhama kila kodi ya nyumba inapopanda.

Sajili ndiyo ilimletea taabu mgombea aliyezungumziwa kuliko wote. McDonald Mariga, mchezaji wa zamani wa Inter Milan na kaka yake Victor Wanyama, alipewa tiketi ya Jubilee. Septemba 2019 afisa msimamizi wa uchaguzi alikataa karatasi zake kwa kuwa jina lake halikuonekana katika sajili ya wapiga kura. Mariga alikuwa amejiandikisha Agosti 26, miaka mingi baada ya kufikia umri, na alijiandikisha Kariokor, eneo bunge la Starehe. Kamati ya mizozo ya IEBC ilimrudisha kinyang'anyironi. Vibandani na kwenye matatu watu waliuliza: anawezaje kugombea Kibra mtu ambaye hawezi kupiga kura Kibra? Jibu la sheria ni kwamba Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mpiga kura aliyesajiliwa, popote nchini. Haimlazimishi kusajiliwa, wala kuishi, mahali anapogombea. Kwa hiyo siku ya kura Mariga aliweza kuomba kura ya kila mtu wa Laini Saba ila hakuwa na ya kwake ya kujipigia. Sheria iliruhusu. Kama ni busara kwa chama kumleta mgombea wa namna hiyo ni swali tofauti, na wapiga kura walilijibu.

Wagombea walikuwa zaidi ya ishirini, lakini vita vilikuwa vya wanne. ODM ilimsimamisha Bernard Okoth, maarufu kama Imran, ndugu wa marehemu, baada ya kushinda mchujo. ANC ya Musalia Mudavadi ilimleta Eliud Owalo, aliyewahi kuwa msaidizi wa Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa ODM. Ford Kenya ilikuwa na Khamisi Butichi. Na Mariga wa Jubilee alikuwa, kwa macho ya kila mtu, mgombea wa Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto.

Hapo ndipo kiti cha Kibra kilipoacha kuwa cha Kibra. Kumbuka mwaka wenyewe. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na Raila walikuwa wameshapeana mkono wa maridhiano Machi 9, 2018, na chama cha Jubilee kilikuwa kimepasuka kati ya kambi za Kieleweke (ya Uhuru) na Tangatanga (ya Ruto). Rais alimvisha Mariga kofia ya chama Ikulu, huku baadhi ya wabunge wa chama hichohicho wakimpigia debe Imran bila kujificha. Raila aliwaambia watu kwamba Kibra ni chumba chake cha kulala, na kwamba mgeni haingii huko. Ruto alitaka kuonyesha kwamba anaweza kuingia. Mudavadi na Moses Wetang'ula wa Ford Kenya walikuwa wakipimana nani ana kura za Waluhya jijini. Mkutano baada ya mkutano, majina yaliyotajwa zaidi jukwaani hayakuwa katika karatasi ya kura, na mwaka uliozungumzwa zaidi ulikuwa 2022.

Nani alizungumza juu ya Laini Saba? Wachache, tena kwa haraka. Ahadi za maji, vyoo na masomo zilitajwa kama mtu anavyotaja chumvi akieleza mapishi. Siwalaumu wanasiasa peke yao. Sisi waandishi pia tuliandika juu ya Raila na Ruto, kwa sababu hilo ndilo lililouza gazeti.

Sasa tazama matokeo. Imran Okoth alipata kura 24,636. Mariga alipata 11,230, Owalo 5,275 na Butichi 260. Kwa muda mrefu baadaye nilisikia wachambuzi wakidai kwamba upinzani dhidi ya ODM ulijigawanya na kwamba mgombea mmoja angeshinda. Hesabu inakataa. Jumlisha kura za hao watatu upate 16,765. Imran bado anawazidi kwa 7,871. ODM ilishinda Kibra kwa sababu Kibra ilikuwa ya ODM, na jina Okoth liliongeza nguvu.

Namba nzito zaidi ni ile isiyotangazwa kwa vifijo. Kibra ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 118,000 waliosajiliwa, na waliojitokeza walikuwa kama mmoja kati ya kila watatu. Maana yake ni kwamba mshindi, pamoja na ushindi wake mnono, alichaguliwa na takriban mmoja kati ya watano wa wenye kadi. Hili si la Kibra pekee. Chaguzi ndogo huvuta watu wachache karibu kila nchi yenye bunge. Lakini Laini Saba ina sababu zake. Mtu wa mjengo hulipwa kwa siku. Anayefua nguo Kilimani au kubeba mizigo Industrial Area huondoka alfajiri, na mwajiri wake wa mtaa mwingine hajali kwamba Kibra inapiga kura. Kisha kuna hofu. Siku ile vijana walimfurusha na kumpiga Boni Khalwale, wakati huo seneta wa zamani wa Kakamega, mchana kweupe mbele ya kamera. Kama mtu aliyewahi kuwa seneta anafukuzwa hivyo, mama mboga aliyeshuhudia moto wa machafuko ya uchaguzi ya 2008 pale Laini Saba atafunga mlango na kungoja jioni. Kwa haki, lazima niongeze kwamba Mariga alimpigia simu mshindi kumpongeza kabla kelele hazijatulia, jambo ambalo wanasiasa wazoefu kumzidi hushindwa kulifanya.

Watu wa mtaa huu walikuwa na uzoefu wa uchaguzi mdogo kabla ya hapo. Wakati huo wakiwa sehemu ya Lang'ata, waliitwa debeni Machi 1997 kwa sababu mbunge wao, Raila Odinga, alihama Ford Kenya na kujiunga na NDP. Sheria ilimlazimu kurudi kwa wapiga kura, akarudi, akashinda. Sheria hiyo yenyewe ilizaliwa mwaka 1966 kwa nia mbaya: serikali ya KANU iliipitisha haraka ili kuwang'oa bungeni waliomfuata Jaramogi Oginga Odinga, baba yake Raila, kwenye chama kipya cha KPU. Wabunge na maseneta 29 walilazimika kugombea upya, na KPU ikabaki na viti tisa. Miaka thelathini baadaye mwana akakitumia kisu kilichonolewa kwa ajili ya baba, akajikatia njia. Kanuni imebaki katika Katiba ya sasa, na naiona nzuri kuliko walioitunga. Anayebadili chama na amwulize tena mwenye kura.

Suala la ndugu kurithi kiti linahitaji makala yake, lakini siwezi kulipita kimya. Septemba 2008, baada ya ajali ya ndege iliyowaua wabunge Kipkalya Kones na Lorna Laboso, Bomet ilimchagua mjane wa Kones, Beatrice, na Sotik ikamchagua Joyce Laboso, dada wa marehemu. Kibra ikamchukua Imran mwaka 2019. Mwaka 2025 Kasipul ikamchagua Boyd Were, mwana wa mbunge Ong'ondo Were aliyeuawa kwa risasi Nairobi. Wapo wanaoita huu usultani. Mimi nasema ni huruma ya matanga ikikutana na uvivu wa vyama, maana ni rahisi kutumia bango lililo na jina linalojulikana. Lakini huruma hiyo haidumu milele. Mwaka 2022 ODM ilisimama Kibra na Peter Orero, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Dagoretti High, naye ndiye aliyeshinda. Imran alikuwa amekaa bungeni chini ya miaka mitatu.

Sasa turudi kwenye zile siku kumi na nne. Machi 2023 mbunge wa Banissa, Kulow Maalim Hassan, alifariki kufuatia ajali ya barabarani. Saa ya Katiba ikaanza kuhesabu, lakini hakukuwa na mtu wa kuitazama. Makamishna wa mwisho wa IEBC walikuwa wameondoka mapema mwaka huo, na bila makamishna hakuna uchaguzi. Wanasiasa walivutana juu ya jopo la kuwateua, kesi zikafuata kesi, na makamishna wapya, wakiongozwa na Erastus Ethekon, wakaapishwa Julai 2025. Banissa ilipiga kura Novemba 27, 2025, siku moja na Malava, Kasipul, Ugunja, Magarini, Mbeere North, kiti cha seneta wa Baringo na wadi kadhaa. Zaidi ya miaka miwili na nusu watu wa Banissa walilipa ushuru kama wengine bila mbunge wao katika ukumbi ambamo bajeti hupitishwa. Siku 90 zilikuwa bado zimeandikwa katika kifungu cha 101, herufi kwa herufi. Hakuna afisa hata mmoja niliyesikia akiadhibiwa.

Kasoro ya sheria yetu iko hapo. Imemwekea Spika tarehe na tume tarehe, ila haikusema nini kitampata anayezipuuza, wala mpiga kura atalipwa nini. Bunge lingeweza kurekebisha hilo kwa aya moja katika Sheria ya Uchaguzi, na kwa aya nyingine kuzuia tume kubaki bila makamishna hata siku moja, kwa kuwaachisha kazi kwa zamu badala ya wote kuondoka kwa mkupuo.

Kuna tarehe ya kuandika ukutani. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na Katiba inakataza uchaguzi mdogo katika miezi mitatu inayoutangulia. Kiti kitakachobaki wazi Mei 2027 kitabaki hivyo hadi Agosti. Kikibaki wazi kabla ya hapo, sajili itafungwa siku ya tangazo. Kwa hiyo wewe uliyehamia Laini Saba, Kawangware au kwingineko na kura yako bado iko kijijini, usingoje mbunge afe au ahame chama. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako ukahamishe kura yako sasa.

Wiki ijayo: haki ya kumwondoa mbunge aliye hai, na jinsi sheria ilivyoifunga kamba.