Opiyo na Odongo: Mwendo wa Mapacha na Lugha ya Kuwapimia

Katika lugha kadhaa za Kenya mapacha huzaliwa na kukuta majina yao yakiwangoja. Wajaluo humwita wa kwanza Opiyo na wa pili Odongo. Wakiwa wasichana, Apiyo na Adongo. Jina la kwanza limefungamana na neno la kwenda upesi, la pili na neno la kubaki nyuma. Wabukusu wana Mukhwana na Mulongo, na huko Tanzania wapo Kurwa na Doto. Majina haya husimulia mfuatano wa kuzaliwa tu, jambo la dakika chache. Lakini watoto wafikapo mwaka wa pili, mmoja akawa anaomba maji kwa maneno na mwenziwe ananyosha kidole tu, ni rahisi jina kugeuka likawa hukumu.

Kiswahili nacho kina msamiati wake wa mwendo: mtoto huketi, hutambaa, husimama dede, kisha huenda tete. Maneno hayo ni mazuri, ila yamepangwa kama vipandio vya ngazi, na msikilizaji hudhani kwamba kila mtoto hukanyaga kila kipandio, tena kwa wakati mmoja. Sivyo. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, na kufanywa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea peke yao wakati wowote baina ya miezi 8 na 18 hivi, na kwamba kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Mapacha wanaweza kuachana kwa miezi minne na wote wawili wakawa salama.

Neno lililo zito zaidi ni bemenda. Mtoto aliyedhoofu au aliyechelewa kutembea husemwa amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kukutana kimwili kabla ya wakati wake, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Wagiriama wana neno chirwa lenye shutuma kama hiyo. Aghalabu lawama humwangukia mama. Basi mapacha hulivunja neno hili nguvu. Wamelala tumbo moja na wananyonya kwa mama mmoja. Mwiko, kama umevunjwa, umevunjwa juu ya wote wawili. Mbona mmoja anakimbia na mwenziwe amekaa? Jawabu lazima litafutwe kwingine: katika uzito wa kuzaliwa, ambao hutofautiana hata kwa pacha wa yai moja, katika ugonjwa uliompata mmoja, katika chakula, au katika urithi, maana pacha wa mayai mawili hawafanani kwa urithi kuliko ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Kuzaliwa kabla ya siku kutimia, jambo la kawaida kwa mapacha, peke yake hakutoshi kueleza tofauti hii, kwani wote wawili wamepungukiwa na majuma yale yale. Huko huweza kueleza kwa nini wawili hao wako nyuma ya mtoto wa jirani.

Kuhusu usemi, mambo yana utata zaidi. Mwaka 1929 Gesell na Thompson, huko Marekani, walichapisha habari za pacha wawili wa yai moja. Mmoja alifundishwa kupanda ngazi kwa majuma sita, kuanzia juma la 46 la umri wake. Mwenziwe hakufundishwa hadi juma la 53, na kwa majuma mawili tu akawa karibu sawa naye. Wengi walikata shauri kwamba ukomavu ndio mwalimu. Lakini ngazi haimjibu mtu. Usemi huhitaji mwenzi. Luria na Yudovich, katika utafiti uliochapishwa kwa Kirusi mwaka 1956, walieleza pacha wa miaka mitano waliokuwa wakielewana wao kwa wao kwa vipande vya maneno na ishara, wala hawakuhitaji zaidi. Walipotenganishwa katika makundi mawili ya shule ya watoto, kila mmoja akalazimika kusema na wageni, usemi wa wote wawili ulipanuka kwa miezi michache. Yule aliyekuwa dhaifu ndiye aliyepewa mafunzo ya ziada.

Tena kuna suala la kipimo. Mzazi huhesabu maneno, na hesabu hiyo huwapendelea watoto wa aina moja. Tuseme pacha mmoja ana nomino nyingi: maji, gari, paka, uji. Mwenziwe ana maneno machache, ila asema “amelala” na “taanguka”. Kwa hesabu ya maneno wa kwanza ameshinda. Kwa mwanaisimu, wa pili ameshaingia ndani ya kitenzi. Deen, aliyechunguza watoto wanne wa Nairobi na kuchapisha kitabu mwaka 2005, alionyesha kwamba watoto wadogo huacha kiambishi cha nafsi au cha wakati, ilhali irabu ya mwisho ya kitenzi hubaki mahali pake. Kwa hiyo “taanguka” si kosa la ovyo. Orodha za msamiati zilizotengenezwa kwa Kiingereza haziwezi kuyaona hayo, na ndiyo sababu kazi ya Alcock na wenzake, iliyotolewa mwaka 2015, ya kurekebisha orodha kama hizo kwa Kiswahili na Kigiriama ina thamani kuliko tafsiri tupu.

Hata hivyo, uvumilivu nao una hatari yake. “Mwenziwe humsemea” ni kauli ya kweli mara nyingi, na kwa sababu hiyo huweza kumficha mtoto asiyesikia. Pacha kiziwi hujua la kufanya kwa kumtazama nduguye: mwingine akiitwa na kuinuka, naye huinuka. Jirani huona watoto wawili watiifu, mmoja mkimya. Mtoto wa namna hii asijaribiwe mbele ya mwenziwe. Na atolewe pacha wake chumbani, aitwe kutoka nyuma kwa sauti ya kawaida, ionekane kama atageuka. Asipogeuka, au akiwa hana neno hata moja miezi 18 ikipita, au akiyapoteza aliyokuwa nayo, apelekwe hospitali akapimwe masikio, hata kama jina lake ni Opiyo.