Tarime na Serengeti: Vikundi vipo, mnunuzi yuko wapi?

Wilaya ya Tarime ina mgodi mkubwa wa dhahabu na mpaka wa nchi. Jirani yake, Serengeti, ina hifadhi ambayo watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuitazama. Kwa hesabu ya haraka, mama anayeuza ndizi Tarime mjini au mchicha Mugumu wilayani Serengeti amezungukwa na wateja wenye fedha: kambi ya mgodi Nyamongo, hoteli za watalii, na Wakenya wa Isebania wanaosubiri mzigo ng'ambo ya Sirari. Ukimuuliza mama huyo anamuuzia nani, jibu ni lile lile: majirani.

Si kwamba hajajipanga. Mkoa wa Mara, ziliko wilaya hizi mbili, kama Tanzania nzima, umejaa vikundi vya kuweka na kukopa. Akina mama wasiozidi thelathini hukutana kila wiki, hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, na hukopeshana kutoka kwenye sanduku lenye kufuli tatu ambalo kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Mwaka ukiisha wanavunja, wanagawana, wanaanza upya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua vikundi hivi na kuviweka katika daraja la nne, vikisajiliwa kupitia halmashauri. Utaratibu huu ulitoka mbali: shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, baadaye ukaingia Afrika Mashariki, na mama wa Kitanzania akaufanya wake kabisa.

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, utaratibu huo ulipata sura ya pekee. Shirika la Frankfurt Zoological Society lilisaidia kuanzisha benki za uhifadhi za jamii, maarufu kama COCOBA. Kanuni za sanduku ni zile zile, ila mkopo hauendi kwenye shughuli inayoharibu mazingira. Hoja yake inaeleweka. Mwanamume anaingia hifadhini kutega wanyama kwa nyaya kwa sababu nyumbani hakuna fedha ya ada wala ya mboga, na mara nyingi anayeipeleka ile nyama mlangoni kwa mteja ni mwanamke. Mpe mwanamke huyo mtaji wa kuku, nyuki au duka, na biashara ya nyama pori inapoteza mkono wake mmoja. Mimi naiona kuwa fikra nzuri kuliko miaka ya kufukuzana na wananchi kwa bunduki. Lakini hata hapa swali linabaki. Asali imepatikana, kuku wamekua, nani ananunua?

Ugumu wenyewe uko hapa. Kikundi ni cha watu wanaofahamiana, na nguvu yake inatoka hapo. Hakuna anayethubutu kukimbia na fedha ya jirani atakayekutana naye kisimani kesho. Ukomo wake nao unatoka hapo hapo. Wanawake thelathini wa mtaa mmoja wanajua habari zile zile, wanauza vitumbua vile vile, na wanakopeshana ili wauziane wenyewe kwa wenyewe. Fedha inazunguka, haiongezeki. Anayeweza kuibadili hali hiyo ni mtu wa nje ya duara: yule anayejua bei ya leo Isebania, au jina la mtu anayenunua mboga za kambi ya watalii, au mzani unaokubalika dukani Mwanza.

Sirari ni mfano mzuri. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka. Shangazi yuko Tarime, binamu yuko Isebania, na lugha ni moja. Mtandao wa ukoo upo tangu kabla mpaka haujachorwa. Hata hivyo wafanyabiashara wengi wadogo hupitisha mzigo kwa njia za panya, juu ya bodaboda, wakiamini kwamba mlango halali ni wa matajiri. Wakati huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na ulio kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Vibali vingine, kama vya afya ya mimea, bado vinatakiwa, na hapo ndipo wengi hukwama. Mama aliyewahi kupita na cheti hicho akimfundisha mwenzake, somo linaingia kuliko semina ya siku tatu yenye soda na bahasha.

Serikali iliona pengo hili mapema. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais na mjumbe wa jopo la Umoja wa Mataifa la uwezeshaji wanawake kiuchumi, alizindua majukwaa ya wanawake yaliyokusudiwa kushuka kutoka mkoa hadi wilaya, kata na kijiji. Chama cha Wafanyabiashara Wanawake, TWCC, kipo tangu 2005. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lipo tangu 1973. Majina hayatuishii. Tunachokosa ni jukwaa linalokutana kufanya biashara badala ya kupokea mgeni rasmi kwa vitenge vya sare.

Kuna jambo jingine ambalo makala za ujasiriamali hulikwepa. Mwanamke wa Kikurya anaingia sokoni akitoka katika nyumba ambamo ng'ombe na ardhi, kwa desturi, ni vya mwanamume. Sheria za ardhi za 1999 zinampa haki sawa ya kumiliki. Desturi ina masikio yake. Desturi hiyo hiyo ina nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mwenye mali, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, humlipia binti mahari ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Wapo wanaoisifu kama uhuru wa mwanamke. Kwa maoni yangu inaonyesha tu kwamba mali mikononi mwa mwanamke si jambo geni Tarime; ugeni ni mali hiyo kwenda kwenye biashara badala ya kurudi kwenye mahari. Na mahari ndiyo inayosukuma ukeketaji, kwa kuwa binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa ameiva kuolewa. Mabinti wanaoukimbia hupokelewa katika kituo cha Masanga, Tarime, au katika nyumba salama ya Mugumu inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women, chini ya Rhobi Samwelly. Wengine hujifunza cherehani. Binti akitoka na cherehani lakini hana shangazi wa biashara wa kumpa kazi ya kwanza, atarudi kule alikokimbia.

Wasiokuwa na mtandao wa maana huangukia mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu. Mikopo hiyo imeenea hadi simu za mkononi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mkopo wa halmashauri ni nafuu zaidi, hauna riba. Sheria ilibadilishwa 2018 ili asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo ulisitishwa 2023 kwa sababu ya upotevu wa fedha na vikundi hewa, ukarejeshwa 2024. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, inayopata ushuru wa huduma kutoka mgodi wa North Mara, ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina.

Lakini halmashauri ni mkopeshaji na pia ni mnunuzi. Inashonesha sare, inanunua vyakula vya mikutano, inalipia usafi wa vituo vya afya na samani za shule. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa vikundi maalumu, wanawake wakiwamo, na tangu 2023 zabuni zinapita kwenye mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST. Kikundi kimoja cha mtaani hakiwezi kushona sare za shule nzima wala kujaza fomu za mfumo huo. Vikundi sita vikiungana vinaweza.

Kwa hiyo ombi letu kwa maafisa maendeleo ya jamii wa Tarime na Mugumu ni dogo. Kila kikundi kinapochukua fedha ya asilimia 10, kipewe siku hiyo hiyo orodha ya zabuni za halmashauri za mwaka huo na namba za simu za vikundi vingine vinavyofanya kazi kama yake, na afisa wa ununuzi aje kwenye jukwaa la wanawake kabla mgeni rasmi hajaalikwa.